Fedha za Utafiti Si Fedha za Kutupa

Juzi katika mesi mwenzangu mmoja aliuliza: yafaaje serikali kuwapa wataalamu fedha za kuchunguza kompyuta za magari, hali vikosi vyahitaji malori? Swali hilo lastahili hoja, wala si hasira.

Tutazame Marekani. Mwaka 2000 bunge la huko liliagiza kwamba ifikapo 2015 theluthi moja ya magari ya vita ya nchi kavu yaende bila askari ndani. Shabaha hiyo haikufikiwa. Hata hivyo, DARPA, idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi, ilitangaza shindano la magari yanayojiongoza katika jangwa la Mojave, kwa zawadi ya dola milioni 1. Machi 2004, katika njia ya zaidi ya kilomita 200, gari lililotangulia wenzake lilikwenda kilomita zipatazo 12 tu. Zawadi ilikosa mwenyewe.

Je, mfuko ulifungwa? La. Zawadi ilifanywa dola milioni 2, na Oktoba 2005 magari 5 yalimaliza kilomita 212, la Chuo Kikuu cha Stanford likishinda kwa muda usiotimia saa 7. Leo baadhi ya miji ya Marekani ina teksi zisizo na dereva. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sisemi tuige kila kitu. Barabara zetu zina ng'ombe, bodaboda na malori mabovu yaliyoachwa gizani bila taa. Usiku mmoja msafara wetu uliponea chupuchupu kugonga lori la namna hiyo, kwani gari la mbele halikuwa na njia ya kuyaonya ya nyuma ila taa za breki. Chombo cha kupashana habari baina ya magari kingetufaa, na wahandisi wetu waweza kukitafiti. Chuo Kikuu cha Makerere kilipoonyesha gari la umeme la Kiira mwaka 2011, wako waliocheka; leo mabasi ya Kayoola yanaundwa Jinja.

Rai yangu ni kwamba jeshi na polisi watenge fungu dogo na kutangaza shindano. Madereva wa misafara wawe waamuzi, na atakayeshindwa aruhusiwe kurudi mwaka wa pili.

Kwa mwenzangu wa mesi nasema: lori jipya ni jema. Lakini likiligonga lori bovu gizani, tumepoteza lori, na tumepoteza askari.