Wafadhili wapya na vijiji visivyo na shaba

Tangu tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID limefungwa, na shughuli zake zilizobaki zimehamishiwa kwenye wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Mwaka wa 2024, karibu dola 7 katika kila dola 10 za misaada ya kibinadamu nchini mwetu zilitoka Marekani. Uingereza nayo ilitangaza mwezi wa Februari 2025 kwamba itashusha msaada wake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Makanisani watu wanaulizana nani atashika nafasi yao. Wengi wanajibu upesi: China, India, Uturuki, Korea, nchi za Ghuba. Tunataka kulipima jibu hilo tukitazama kutoka Yanonge, katika wilaya ya Isangi, yapata kilomita 60 kutoka Kisangani ukiteremka mto.

Yanonge inaishi kwa mihogo, mpunga, ndizi, samaki na makaa. Mazao yanakwenda Kisangani kwa mitumbwi, baiskeli na pikipiki. Hakuna shaba wala kobalti.

Kando ya mto huu, ushirikiano wa zamani uliingia kwa mlango wa misheni. Wabatisti wa Uingereza walifungua kituo cha Yakusu mwishoni mwa karne ya 19. Daktari Clement Chesterman alifika huko mwaka wa 1920, wakati ugonjwa wa malale ulipokuwa ukimaliza vijiji. Pamoja na kutibu, aliwafundisha vijana wa hapa uuguzi, nao wakasimamia zahanati za vijijini. Kazi hiyo ilifanyika chini ya ukoloni, na hatuwezi kusahau uzito wa ukoloni. Lakini njia yake ilieleweka: kanisa la mbali lilituma fedha na watu kwa kanisa la hapa. Hata baada ya uhuru, wachungaji na waganga wengi waliendelea kuandika barua Ulaya na Amerika kuomba dawa, mabati au vitabu.

Wafadhili wapya hawafuati njia hiyo. Mwaka wa 2008 Kongo ilitia sahihi mkataba wa Sicomines na makampuni ya China: shaba na kobalti kwa upande mmoja, barabara na hospitali kwa upande wa pili. Mwaka wa 2024 mkataba ulijadiliwa upya, na fedha za miundombinu zikapandishwa hadi dola bilioni 7. Benki ya Exim ya India ilikopesha fedha za mabwawa ya umeme ya Kakobola, Kwilu, na Katende, Kasai-Central. Korea Kusini, ambayo yenyewe ilipokea misaada kwa miaka mingi, iligharimia Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa yaliyokamilika 2019.

Hatusemi kwamba hayo ni mabaya. Nchi hizi zinajua umaskini kwa kuupitia, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hajali barabara imejengwa na nani, mradi afike hospitali. Lakini tuone mambo mawili.

La kwanza, fedha za Sicomines zimefungwa kwenye bei ya shaba. Bei ikianguka, kazi za barabara nazo zinapungua. Mwaka wa 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulionyesha kwamba kati ya dola bilioni 3 za miundombinu zilizoahidiwa, ni milioni 822 tu zilizokuwa zimetumika. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Yanonge haimo katika hesabu hiyo.

La pili ndilo kubwa zaidi. Mikataba hii ni ya serikali kwa serikali, au ya serikali na kampuni. Barabara gani itatengenezwa, na wilaya ipi itangoje, huamuliwa Kinshasa. Kwa hiyo barua ambayo mchungaji alikuwa akiiandika Ulaya, sasa inapaswa kwenda kwa mbunge, kwa gavana na kwa wizara. Kanisa likibaki na tabia ya kutafuta rafiki wa ng'ambo, likabadilisha tu jina la nchi, litabisha hodi kwenye mlango usio na mtu.

Tunaona kazi tatu kwa parokia zetu za mtoni. Tudai kujua: wabunge wetu waulizwe hadharani ni kazi gani ya mkataba wa 2024 imepangiwa Tshopo, na lini. Tutumie haki tulizo nazo: tuna msitu badala ya shaba, na sheria ya misitu ya 2002 inamlazimu mkata miti kuandikiana na vijiji masharti ya shule, zahanati au barabara. Masharti hayo yasomwe mbele ya watu wote, katika lugha yao, kabla ya chifu kutia sahihi. Na tutunze wenyewe: kituo cha afya kinachosimamiwa na kanisa kiwe na sanduku la matengenezo na hesabu zinazosomwa kila robo mwaka. Hatuwezi kuidai serikali hesabu ambazo sisi wenyewe tunazificha.

Katika 2 Wakorintho 8, Paulo anasimulia makanisa ya Makedonia, maskini sana, yaliyochangia ndugu wa Yerusalemu, kanisa lililo mama yao. Wao ndio waliokuwa wafadhili wapya wa siku zile. Paulo anataka pawe na usawa, mwenye kingi leo akimsaidia asiye nacho, na kesho kinyume chake. Tena anapanga watu kadhaa wasafiri na fedha hizo, ili pasiwe na lawama mbele za Mungu wala mbele za wanadamu. Tukipokea kutoka Beijing, Delhi au Seoul, kipimo ni hicho hicho. Na mchango wa muhogo na mpunga wa Yanonge nao uandikwe katika daftari hilo.