Dhoruba na amana ya bahari: Tusiitupie mbingu lawama za mikono yetu

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa bahari na vilivyomo ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, kila upepo mkali unapopita katika mwambao wetu husikika kauli mbili. Kauli ya kwanza yasema kuwa dhoruba ni adhabu tu, na kwamba waliofikwa nayo wana dhambi kuliko waliosalimika. Ya pili yasema kuwa hayo ni maumbile tu, hayamhusu mwanadamu wala hayana funzo. Zote mbili tulizisikia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika katika eneo la kisiwa cha Mafia na mvua zake zikaikata barabara iendayo Lindi kutoka Dar es Salaam. Kwa maoni yetu, kauli zote mbili zina kasoro.

Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.), upepo ulipovuma kwa nguvu, alikuwa akimwomba Mola wake kheri ya upepo ule na akijikinga na shari yake. Tuzingatie mafunzo haya. Upepo mmoja waweza kubeba kheri na shari kwa pamoja. Swali linalotupasa kujiuliza ni hili: ni lipi linaloipa nguvu kheri, na ni lipi linaloipa nguvu shari?

Tuitazame delta ya mto Rufiji. Mto huu hukusanya maji ya takriban moja ya tano ya ardhi ya Tanzania Bara, ukayamwaga baharini mkabala na Mafia. Mdomoni mwake pana msitu wa mikoko unaokaribia hekta 50,000, ambao ni mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki. Kila siku majani ya mikoko hudondoka topeni. Mpita njia ataona uchafu na harufu mbaya. Lakini kaa huyaburura majani hayo hadi mashimoni mwao na kuyala, na yale yanayobaki huozeshwa na kuvu na bakteria mpaka yakawa chembe ndogo zenye lishe. Chembe hizo ni chakula cha viumbe wadogo, nao ni chakula cha kamba na samaki wachanga waliojificha baina ya mizizi. Si jambo la kushangaza basi kuwa sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka katika maji ya Rufiji. Jani lililooza ndilo mwanzo wa kitoweo kilichomo katika sahani zetu.

Hapa ndipo mvua na dhoruba zinapoingia. Mafuriko ya masika hubeba udongo, majani na magogo kutoka bara, yakairutubisha delta. Mawimbi makali huikoroga bahari, yakainua lishe iliyotuama chini hadi kwenye mwanga wa jua, ambako vijimea vidogo vinavyoelea huitumia kustawi. Majani ya bahari yanayong'olewa na kutupwa ufukweni, ambayo wengine huyaona kuwa takataka za kuchomwa moto, huwa makazi ya wadudu, malisho ya ndege na kizuizi cha mchanga usichukuliwe na maji. Kwa hakika hicho ni kheri.

Na shari je? Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zatupa mfano ulio wazi. Katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, mafuriko yalishusha udongo mwingi kupita kiasi. Mkoko hupumua kwa mizizi yake inayochomoza juu ya tope. Mizizi hiyo ilipofunikwa, miti mingi ilikufa kwa kukosa hewa. Aidha, maji yenye matope huwanyima mwanga majani ya bahari na matumbawe. Na mabaki ya viumbe yakizidi, hasa yakichanganyika na maji machafu ya miji, bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni yote iliyomo majini, na samaki wakakosa pumzi. Kitu kile kile kilichokuwa lishe kikageuka kuwa sumu, kwa sababu mizani imevurugika.

Ni nani aliyeivuruga mizani? Mvua hatukuiteremsha sisi. Lakini mlima uliovuliwa misitu yake hauwezi kuushika udongo, na aliyeuvua ni binadamu. Mikoko iliyokatwa kwa boriti, kuni, mkaa na mashamba ya mpunga haiwezi kulivunja nguvu wimbi, na aliyeikata ni binadamu. Mfereji wa maji machafu uendao baharini haukuchimbwa na upepo. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, tumefundishwa kuwa chanzo cha ufisadi ulioenea bara na baharini ni matendo ya watu. Basi mwenye kusema kuwa dhoruba haina funzo amekosea, kwa kuwa dhoruba hutusomea hesabu ya matendo yetu. Na mwenye kuwahukumu waliofikwa amekosea pia. Mkulima wa delta aliyesombewa nyumba yake huenda hakuwahi kukata mti hata mmoja katika milima ambayo udongo wake umemfukia. Tumpe msaada kwanza, wala tusimhutubie.

Sisi wenyewe hatujitoi katika lawama. Tulipokuwa wanafunzi wa chuo cha Qur'ani, tulikuwa tukitumwa kukata mikoko kwa ajili ya kuni za karamu za Maulidi. Tulirudi na mizigo vichwani tukimsalia Mtume, na hakuna aliyetuambia kuwa tunaubomoa ukuta unaokinga kijiji. Walimu wetu hawakuwa wabaya, bali somo hilo halikuwemo katika mafunzo ya wakati ule. Leo limo mikononi mwetu, na asiyelifundisha hana udhuru.

Wapo watakaouliza: je, maskini apikie nini? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kumfukuza mtu msituni. Lakini ikumbukwe kuwa maskini huyo huyo ndiye wa kwanza kukosa kamba na samaki mikoko inapotoweka, na nyumba yake ndiyo ya kwanza kufikiwa na maji. Kumwachia akate leo ili aangamie kesho si huruma. Huruma ni kumsaidia apate nishati nyingine na riziki itokanayo na msitu ulio hai.

Na mifano ipo. Kule Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji hutunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha zinazopatikana kwa kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa hutumika katika maji na shule. Kule Pemba kuna kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kuwa jina lake limetokana na msala wa kuswalia. Kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, mafundisho ya dini yalitumika kuwaeleza wavuvi kwa nini bahari ni amana. Fiqhi yetu inayo hima, yaani eneo linalohifadhiwa kwa maslahi ya wote, na inayo wakfu. Tumezoea kuweka wakfu minazi na nyumba. Ni kipi kinachotuzuia kamati za misikiti ya pwani, kwa kushirikiana na serikali za vijiji, kuusimamia msitu wa mikoko kwa nia hiyo hiyo?

Enyi wazazi, anzeni nyumbani. Maji yanapokupwa, mchukueni mtoto hadi kwenye mikoko, mwonyesheni jani linaloburutwa na kaa, kisha mwambieni kuwa hiyo ni riziki yake inatengenezwa. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake, akikua hataushika upanga kwa wepesi tulioushika sisi.

Tumwombe Mwenyezi Mungu (S.W.) atupe kheri ya pepo na mvua zake, atukinge na shari yake, na atujaalie tusiwe sisi ndio tunaoifungulia shari hiyo mlango.

Wabillahi tawfiq.