WAYA WA BETRI YA PILI TUSIUBANIE

Ndugu Wanaushirika,

Jumamosi tuna kikao, na nasikia minong'ono kwamba waya wa kutoka betri ya mbele ya pikapu yetu kwenda betri ya nyuma utanunuliwa mwembamba, ule wa nyumbani, kisa bei. Mimi nakataa, na kikaoni nitasimama kusema hivi hivi.

Jamani, tumesahau msimu uliopita? Fyuzi ya ampea 30 ilikatika kila mara. Fundi akaitoa, akatuwekea ya 100 kwenye waya ule ule wa milimita mraba 2.5. Taa za mzani zikawaka, tukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Wiki ya pili waya ukasuguana na bati chini ya kiti, ganda likatoboka, ukawa unagusagusa. Moshi ukajaa. Fyuzi wala haikukatika, maana umeme uliopita ulikuwa chini ya 100, ila waya ulikuwa umeshazidiwa zamani. Ndani walikuwamo akina mama wawili na mtoto. Dereva akazima injini, akang'oa kichwa cha betri ya mbele, moshi haukukoma mpaka akakimbilia ya nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Iwe kubwa kidogo kuliko umeme tunaotumia, lakini ndogo kuliko uwezo wa waya. Na kwa kuwa waya huu una betri kila upande, zinatakiwa fyuzi mbili, kila moja isizidi shibiri moja kutoka kwenye betri yake. Rilei hutenganisha betri injini ikizimwa, ili ya mbele ibaki na nguvu ya kuwasha gari. Haizuii moto wa betri ya nyuma.

Tena mnalalamika betri ya nyuma haijai. Itajaaje? Kwenda na kurudi ni mita 10. Kwa waya wa 2.5, ukipitisha ampea 20 tu, volti 1.4 zinapotea njiani. Injini inatoa 14.2, nyuma zinafika 12.8, na betri inataka karibu 14 ili ijae. Kwa waya wa milimita mraba 16 hupotea kama volti 0.2 tu.

Chaji yetu haizidi ampea 40. Basi tununue waya wa 16, fyuzi mbili za 60, na rilei inayohimili kiasi hicho. Kila unapopita tundu la bati uvishwe mpira. Mnunuzi akwangue ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ikiwa nyekundu nje na nyeupe ndani, hiyo siyo shaba tupu, arudishe.

Wanaosema ni ghali, waya mwembamba tumeshaununua mara mbili. Kile kipande kilichoungua ninacho nyumbani. Nitakuja nacho Jumamosi mkishike.

Mwanachama mwenzenu,
Kamati ya Usafiri