Pesa ya mji ikikatwa, barabara ndiyo inalea watoto

Ukipita Boulevard Nyamwisi, hapa Beni, saa kumi na moja za asubuhi, utawakuta wamelala mbele ya maduka, wawili wawili, wamejifunika mifuko. Tunawaita maibobo. Jina hilo limezoeleka mdomoni hata hatuulizi tena kila mmoja ni mtoto wa nani.

Jibu tunalijua. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika Beni na vijiji vyake yameacha watoto wengi bila baba wala mama. Wengine walikimbia pamoja na jamaa zao, halafu chakula kikakosekana. Wengine walifukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, jambo ambalo Katiba inakataza katika kifungu cha 41.

Sheria tunazo. Ile ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema kwamba mtoto aliyetupwa, anayezurura ao kuombaomba, yuko katika hali ngumu na ana haki ya ulinzi wa pekee. Lakini ulinzi huo unaomba makuta: mfanyakazi wa mambo ya jamii anayelipwa, familia za kupokea watoto zinazosaidiwa, na mahali pa kujifunza useremala, ushonaji ao umekanika.

Makuta hayo yangetoka wapi? Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapatia majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, nayo inapaswa kubakizwa palepale inapokusanywa. Sheria ya mwaka 2008 inaipatia miji na komini, pamoja na sekta na maeneo ya kimila, asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Miaka yote, pesa hiyo inafika kutoka Kinshasa ikiwa pungufu na imechelewa. Inapopungua, mishahara na usalama vinapita mbele, na mambo ya jamii yanangoja. Huko ni kukatwa kwa bajeti ambako hakuna mtu anakotangaza.

Zamani mashirika yaliziba pengo. Mwaka 2024, Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu katika Kongo. Mwanzoni mwa 2025 ilifunga mfereji. Sasa pengo limebaki wazi, na wa kwanza kuanguka ndani ni yule asiye na mlango wa kurudia usiku.

Tutaambiwa kwamba vita inakula kila kitu. Ni kweli, askari lazima ale. Lakini kijana wa miaka 15 anayelala njaa ni mtu rahisi kununuliwa na kikundi chenye silaha ao na wezi wa usiku. Kumfundisha kazi leo ni sehemu ya usalama. Msako wa polisi unamtoa barabarani kwa siku tatu tu; akiachiliwa anarudi palepale, na hasira zaidi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Meya atangaze hadharani pesa ngapi zilipangwa kwa watoto hawa na ngapi zilitolewa kweli. Tangu utawala wa kijeshi uanze tarehe 6 Mei 2021, bunge la jimbo la Kivu ya Kaskazini halikai, kwa hiyo kama raia hawaulizi, hakuna atakayeuliza. Wabunge wetu wa taifa wadai huko Kinshasa ile asilimia 40, kila mwezi. Na familia zinazokubali kupokea mtoto zisaidiwe kwa karo, unga na matunzo, kwa sababu mtoto analelewa vizuri zaidi nyumbani kuliko katika kituo.

Na sisi wakaaji? Fundi mwenye karakana anaweza kuchukua mwanafunzi mmoja. Kanisa lenye ukumbi linaweza kuufungua usiku wa mvua. Hayo hayaondoi deni la serikali. Yanamsaidia mtoto kufika asubuhi akiwa mzima, wakati tunaendelea kulidai.