Simu Isiyo na Waya

Tumeulizwa na wasomaji wa Mji wa Kale kwa nini simu isiyo na waya huzima mazungumzo yakinoga. Aghalabu ni betri za mkono wa simu zilizochoka, wala si lazima ununue simu mpya, wapendavyo wauzaji. Tia betri za kuchajiwa. Za tochi zikichajiwa huweza kuvuja au kupasuka. Vyuma vya kuchajia, ambavyo hewa ya chumvi huvitia kutu, vipanguse kwa kitambaa kikavu. Ikikwaruza ghorofani, sogeza kitako chake, kwani kuta nene za mawe hudhoofisha mawimbi.

Linalotutia hofu ni umeme kukatika usiku: kitako huzima, simu ikawa bubu. Mzazi mgonjwa alalaye peke yake twaona awekewe kitandani simu ya waya, ile ipatayo nguvu zake kwenye laini yenyewe ya shaba.