Ugonjwa si Jinai, Umaskini si Hatia



Mnamo Agosti 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walikamatwa huko Nandi, wakafikishwa mbele ya mahakama ya Kapsabet, na kuamriwa kuwekwa katika gereza la mji huo kwa miezi minane. Hawakuiba wala hawakumpiga mtu. Walishtakiwa kwa kukatiza dawa. Tarehe 27 ya mwezi uo huo taifa lilikusanyika Uhuru Park kuishangilia Katiba mpya, ambayo Ibara yake ya 43 inamwahidi kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Wagonjwa hao walikaa gerezani siku 46 kabla ya Mahakama Kuu kuamuru waachiliwe.

Amri ile ilijengwa juu ya kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, sheria iliyotungwa na wakoloni mwaka 1921. Kifungu hicho kinazungumzia kumtenga mtu aliyekumbwa na maambukizi. Hakisemi lolote kuhusu gereza. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani ili atibiwe ni kinyume cha Katiba, na akaitaka Wizara ya Afya iandae sera ya kuwatenga wagonjwa inayoheshimu haki zao. Tunaipongeza hukumu hiyo. Lakini twauliza: ni fikra gani iliyomfanya mtumishi wa umma aone gereza kuwa wodi? Gereza lenye msongamano na hewa haba ndipo mahali ambapo kifua kikuu hustawi. Aliyempeleka mgonjwa humo hakumlinda yeyote, si mgonjwa, si askari jela, wala si mahabusu aliyelala ubavuni pake.

Fikra hiyo ni kongwe. Yadai kwamba maskini huugua kwa uzembe wake. Sisi twasema kwamba maskini huugua kwa sababu ya maamuzi yaliyopitishwa na watu wasioishi anakoishi yeye. Tiba ya kifua kikuu huchukua miezi sita au zaidi. Kibarua akienda kliniki hukosa ujira wa siku hiyo, nauli humshinda, dawa kali huzimeza tumbo likiwa tupu. Usiku hurudi katika chumba cha futi kumi kwa kumi kisicho na dirisha, wanakolala watu sita. Huyu hahitaji pingu. Anahitaji chakula, nauli na nyumba inayopitisha hewa.

Wala ugonjwa hauji peke yake. Virusi vya UKIMWI hudhoofisha kinga ya mwili, na kifua kikuu kilicholala ndani ya mtu huamka. Mwaka 1990 Kenya iliandikisha wagonjwa wa kifua kikuu wapatao 11,000; kufikia mwaka 2007 waliandikishwa zaidi ya 110,000. Merrill Singer, mwanaanthropolojia wa Marekani, alibuni katika miaka ya 1990 jina la hali hii, sindemiki: magonjwa mawili au zaidi yanayokutana katika jamii moja, kila moja likiliongezea jingine nguvu, na dhuluma ikiyakutanisha. Njaa, msongamano na unyonge wa mwanamke asiyeweza kukataa ni sehemu ya ugonjwa kama vile kilivyo kijidudu chenyewe.

Na tusisahau kwamba serikali yetu yenyewe iliwahi kuyafungulia mlango magonjwa haya. Mwishoni mwa 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kigeni, ilianzisha mpango wa kugawana gharama, na wagonjwa wakaanza kutozwa ada katika hospitali za umma. Katika kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, katika muda wa miezi tisa ya ada hiyo, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ilijulikana tayari kwamba ugonjwa wa zinaa usiotibiwa hurahisisha uambukizaji wa virusi vya UKIMWI. Ada hiyo iliondolewa Septemba 1990, kisha ada zikarejeshwa hatua kwa hatua. Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini. Je, ni wangapi waliogeuka langoni kwa kukosa ada, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao?

Somo hilo halikushika. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kikohozi kikawa aibu na safari ya kliniki ikawa ya hofu. Waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu walipungua mwaka huo, ingawa ugonjwa wenyewe haukupungua. Wakati huo huo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alifichua kwamba ununuzi wa vifaa vya korona wa takriban shilingi bilioni 7.8 katika shirika la serikali la dawa, KEMSA, ulikiuka taratibu, huku wauguzi wakilia kwa kukosa barakoa. Hivyo ndivyo ufisadi unavyoua: hauhitaji bunduki.

Tutaambiwa kwamba serikali haina fedha. Tunawasihi wasomaji waisome Ibara ya 20(5) ya Katiba. Serikali ikidai kwamba haina rasilimali za kutimiza haki ya afya, ni juu yake kuthibitisha hivyo. Si juu ya mgonjwa kuthibitisha kinyume. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za wanaoishi na virusi vya UKIMWI zilitikisika nchini mwetu na wahudumu wengi wakaachishwa kazi. Taifa lililoahidi pamoja na mataifa mengine ya Afrika huko Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya lilikuwa limeyaweka maisha ya watu wake katika mkoba wa jirani.

Kwa ndugu zetu wa makanisani tunalo neno. Mnawalisha wagonjwa, mnawazika wafu, mnawalea yatima, na Mungu awabariki. Lakini mkumbukeni yule mgonjwa kando ya birika la Bethzatha, aliyelala miaka 38 kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtia majini. Kila mara mwingine alimtangulia. Kenya ina birika nyingi za namna hiyo. Wenye jamaa wakubwa hutangulia, wengine husafiri kutibiwa ng'ambo, na asiye na mtu hubaki kwenye ukumbi. Sadaka pekee haiwezi kuondoa foleni iliyopangwa na bajeti.

Mwaka 1848 serikali ya Prussia ilimtuma daktari kijana, Rudolf Virchow, kuchunguza homa ya taifasi iliyowaua wakulima fukara wa Silesia ya Juu. Alirudi na maagizo yaliyowaudhi waliomtuma: dawa ya janga lile ilikuwa demokrasia, elimu na kuondolewa kwa ufukara. Sisi tuliopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A mwaka 1991 tunamwelewa vyema. Vyama vingi havikudaiwa ili wanasiasa wapate viti vingi zaidi.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Sheria ya 1921 ibadilishwe ili mtu asifungwe tena kwa sababu ya kuugua. Chakula na nauli vihesabiwe kuwa sehemu ya tiba ya kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu na za UKIMWI zilipiwe kwanza na Hazina yetu wenyewe. Na kila kaunti ibandike mlangoni mwa zahanati orodha ya dawa ilizonunua na bei yake.

Ibara ya 35 inakupa haki ya kuuliza, na Ibara ya 201 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kikao cha bajeti kikitangazwa katika kaunti yako, nenda, wala usiende peke yako. Uliza kwa sauti, na jibu litakalotolewa liandikwe.