Chungu cha Mgonjwa Kiwe Chungu cha Nyumba

Saa ya kuangalia wagonjwa ikikaribia, pita kwenye hospitali yoyote kubwa ya Dar es Salaam. Utawakuta jamaa wameketi kwenye benchi, hotipoti mapajani. Mna ndizi za kuchemsha, mboga za majani, samaki asiyetiwa chumvi. Hicho ni chakula cha mgonjwa wa moyo. Waliomletea wakirudi nyumbani watapakua kwenye sufuria nyingine, yenye mafuta yanayoelea na chumvi iliyokolea.

Kwetu tulifanya hivyohivyo. Baba alipopata shtuko la moyo, akiwa na miaka 52, mama alinunua kisufuria akakiita cha mzee. Sisi watoto tukaendelea na sufuria kubwa, tukijiona tumemtunza baba ipasavyo. Miaka tisa baadaye kaka yetu wa pili alianguka dukani kwake asubuhi. Daktari akatuuliza presha yake ilikuwaje siku za nyuma. Tulitazamana, watu wazima sita. Hakuna aliyejua. Hata presha zetu wenyewe hatukuzijua. Jioni ile tulirudi nyumbani bila yeye.

Matangani walikuwapo walionong'ona juu ya mkono wa mtu. Siku ile sikuwajibu, nawajibu leo. Tulikuwa tumeonywa miaka tisa kabla, na onyo lenyewe lilikuwa limelala kitandani, chumba cha pili.

Kwa madaktari, baba au kaka akipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, ndugu zake wa damu huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa zaidi. Huko Framingham, mji wa Marekani, watafiti walianza mwaka 1948 kufuatilia mioyo ya wakazi, na mwaka 1971 wakaongeza watoto wao. Ikaonekana kwamba mzazi akiugua mapema, hatari ya mtoto hukaribia kuwa mara mbili.

Najua jibu litakalokuja: "Ndiyo damu yetu, tufanyeje?" Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu zaidi ya 55,000 wa Marekani na Uswidi. Miongoni mwa waliorithi hatari kubwa kabisa, wale waliokuwa na angalau mambo matatu kati ya manne (hawavuti sigara, hawana unene uliopindukia, wanafanya mazoezi, wanakula vizuri) hatari yao ilikuwa pungufu kwa karibu nusu kuliko wenzao wasiojali. Damu ni ileile! Anayesema amekwisha kuandikiwa, na ajiulize kama amejaribu.

Tena haturithi damu peke yake, twarithi na jiko. Mke hana damu ya mumewe, lakini miaka thelathini wamekula mchuzi mmoja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo katika mkate, ng'onda na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Mama mpishi, nakuomba ufanye jaribio: pima kwa kijiko chumvi unayotia kutwa nzima, ugawanye kwa idadi ya walaji. Wiki za kwanza watalalamika kwamba chakula ni chapwa. Wavumilie. Ulimi huzoea, na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari vipo kukusaidia. Nanyi wanaume, msimwachie yeye mzigo huu na huku mnaomba kichupa cha chumvi mezani hata kabla ya kuonja.

Sigara iachwe. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hushuka kwa kama nusu. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano za wiki, hakuhitaji ada wala viatu vya fahari.

Linalobaki ni woga. Wengi husema, "Nikipima nitaambiwa nina presha." Utaambiwa kama unayo, ndiyo, nayo hukaa mwilini miaka bila kuuma. Kipimo kikirudia kusoma namba ya juu 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, hiyo ni presha, hata kama unajisikia mzima na unabeba gunia. Kapime, na ukaulize pia sukari na kolesteroli. Ila usichukue vidonge vya mama ukameza kwa kuwa ugonjwa ni mmoja. Dawa yake ilipimwa kwa mwili wake.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Muhimbili tangu mwaka 2015, lakini kupima presha hakungoji safari ya huko; mkanda upo hata kwenye zahanati. Basi siku ya kliniki ya mzee ikifika, msimfikishe mlangoni mkamngoja nje. Ingieni naye. Muuguzi akimaliza kumpima, mwombeni mkanda ule usirudi mezani kwanza. Kunja mkono wa shati, ukae kwenye kiti alichoinuka baba yako.